Ziara ya Raga Iliyofika Makwale

Ndugu msomaji, ikiwa hujapata kufika Kyela, basi ianze safari yako Mbeya asubuhi, wakati ukungu ungali umetanda Uyole, nawe usisahau sweta. Utapita Tukuyu yenye mashamba ya chai na mvua isiyochagua majira, kisha barabara itaanza kuteremka. Itateremka kwa muda mrefu, na kila ukikata kona utahisi joto likizidi, mpaka sweta ile uivue na kuikunja mapajani. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita zipatazo 475 tu kutoka usawa wa bahari, nayo nchi iliyo pembeni mwake ni tambarare, yenye rutuba na maji tele. Migomba na miembe imefunika nyumba, michikichi imesimama kando ya njia, na mashamba ya mpunga yameenea mpaka macho yachoke.

Makwale ni kata mojawapo ya Wilaya ya Kyela. Ukishapita Ipinda, utaiona Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta uliojengwa na majitu, na chini yake ndiko Matema, ambako wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kuviuza. Watu wa sehemu hizi ni Wanyakyusa. Wanalima mpunga ambao sifa zake umezisikia hata kama hujaufika mji wa Kyela, wanalima ndizi, na siku hizi wanalima kokoa kwa wingi. Mwezi Machi hadi Mei mvua hunyesha kwa nguvu, mito ikafurika, na mtu mwenye haraka akafundishwa subira.

Nilikwenda Makwale kutazama kokoa. Sikwenda kutafuta habari za michezo, na lau mtu angeniambia kwamba nitarudi na daftari lililojaa habari za raga, ningemcheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na sababu yake ni watoto.

Nilikuwa nimeketi uani kwa mzee mmoja aliyezidi umri wa miaka themanini na mitano, mbele ya mikeka iliyoanikwa mbegu za kokoa. Kama hujapata kuliona tunda la kokoa, ni refu kiasi cha shubiri moja, nene katikati na lenye ncha pande zote mbili. Likishapasuliwa na mbegu kutolewa, ganda hutupwa. Hata hivyo, tunda lililooza kabla ya kukomaa hukauka likiwa zima, na watoto hulipenda. Wavulana watano walikuwa wakirushiana tunda la namna hiyo. Mmoja akalikumbatia kifuani, akakimbia nalo, na wenzake wakamrukia wote kwa pamoja mpaka wakaanguka chini rundo zima, wakicheka.

Mzee akawatazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Hivyo ndivyo walivyocheza Wazungu wa Johannesburg. Mpira wao ulikuwa na umbo lile lile.”

Nikamwuliza, “Raga, mzee wangu?”

“Jina sikulishika, mwanangu. Niliwaona mara moja tu. Lakini kelele zao nilizisikia.”

Kwa ajili ya msomaji ambaye raga kwake ni jina tu, niseme machache. Ni mchezo wa watu kumi na watano kila upande, unaochezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji anaruhusiwa kuubeba mikononi na kukimbia nao, ila akitaka kumpa mwenzake kwa mkono ni lazima aurushe nyuma au kando, wala si mbele. Anayetaka kumzuia humkamata mwili na kumwangusha. Shabaha kubwa ni kuuvusha mpira mstari wa mwisho wa adui na kuugusisha ardhini. Ni mchezo wa nguvu na mbio, na zaidi ya yote ni mchezo wa kuaminiana, kwa maana mtu hukimbia mbele huku tegemeo lake liko nyuma yake.

Hapa kwetu Tanzania raga haikupata kushika mizizi kama kandanda. Katika Afrika Mashariki ililetwa na Waingereza, ikachezwa kwanza na maofisa na masetla, na ni Kenya peke yake iliyoifanya kuwa mchezo wa wananchi wengi, hata timu yao ya wachezaji saba ikatwaa ubingwa wa mashindano ya Singapore mwaka 1976 ulipokwisha kupita miaka arobaini, yaani 2016. Imekuwaje basi mzee wa Makwale aijue? Jibu lake ni neno moja ambalo wazee wote wa pande hizi wanalifahamu: Wenela.

Wenela lilikuwa shirika la kuandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini. Kabla ya Uhuru, vijana wengi wa Kinyakyusa walikwenda kutafuta fedha mbali na kwao. Wapo waliokwenda Lupa, huko Chunya, wapo waliokwenda katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wapo waliokwenda mpaka kwa makaburu. Mzee wangu alikuwa katika kundi hili la mwisho. Alikwenda kijana asiye na mke, akiwa na nia moja: kupata fedha za ng'ombe wa mahari.

Alinisimulia namna walivyolala katika makambi ya wanaume watupu, mamia kwa mamia, na namna walivyofundishwa Kifanakalo, lugha ya migodini, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kuamrishwa. Alinieleza habari za kipande, kile cheti cha kutembelea ambacho Mwafrika alipaswa kuwa nacho, na asipokuwa nacho akalala rumande. Mwaka 1960 ulimkuta huko. Mwezi Machi mwaka huo, tarehe 21, polisi waliwaua kwa risasi watu 69 mjini Sharpeville, waliokuwa wamekusanyika kupinga vipande hivyo hivyo. Miezi mitatu baadaye, mzee anasema, Wazungu wa Johannesburg walikuwa na shangwe ambayo hakupata kuiona mfano wake. Kulikuwa na wageni wamekuja kucheza. Yeye na wenzake walikuwa juu ya lori, wakapita karibu na uwanja, na ngurumo ya watu ikawapita juu kama radi ya Aprili. Baadaye akaiona picha ya mchezo katika gazeti lililofungia nyama. Watu wenye jezi nyeusi walikuwa wamemrukia mmoja mwenye mpira wa umbo la yai.

Tarehe yenyewe inajulikana. Ilikuwa Juni 25, 1960, katika uwanja wa Ellis Park. Timu ya taifa ya Afrika Kusini, Springboks, iliifunga timu ya taifa ya New Zealand pointi 13 kwa bila. Wageni wale huitwa All Blacks, maana yake weusi watupu, lakini usidanganyike, ndugu msomaji. Weusi huo ni wa jezi. Wachezaji waliofika Johannesburg mwaka ule chini ya nahodha Wilson Whineray hawakuwa na Mmaori hata mmoja miongoni mwao.

Na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Wamaori ndio wenyeji wa asili wa New Zealand, na katika raga wametoa wachezaji wa kusifika tangu zamani. Lakini serikali ya makaburu haikutaka kuwaona katika viwanja vyake. Kwa hiyo kila ilipokuwa zamu ya All Blacks kwenda Afrika Kusini, wakuu wa raga wa New Zealand waliwaacha Wamaori nyumbani. Mwaka 1928 waliachwa, miongoni mwao George Nepia, mmoja wa wachezaji hodari kabisa wa zama zile. Mwaka 1949 waliachwa tena. Ilipotangazwa kwamba mwaka 1960 itakuwa vivyo hivyo, wananchi wa New Zealand zaidi ya 150,000 walitia saini kupinga, wakisema kama Wamaori hawaendi basi na ziara isiwepo. Ziara ikawepo.

Nilipomweleza mzee jambo hili alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, “Na wale wenzao waliokwenda, walipokuwa wakila, hawakuona kwamba sahani nyingine hazina wenyewe?”

Swali lile lilinikaa moyoni, kwa sababu halikutoka hewani. Katika mila ya Wanyakyusa iko desturi ambayo imewashangaza wageni wengi. Zamani wavulana walipofika umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za wazazi wao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakawa kijiji cha rika moja. Walichunga pamoja, wakacheza pamoja, na walipokua waliendelea kuishi pamoja na wake zao mpaka uzeeni. Msingi wa maisha hayo uliitwa ukwangala, yaani kule kuwa pamoja na wenzako, kula nao, kuzungumza nao na kufurahi nao. Mtu aliyekula peke yake alitazamwa kwa mashaka. Mtaalamu mmoja wa mila, Monica Wilson, aliyeishi pande hizi na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kilichotoka mwaka 1951. Naye, ajabu ya mambo, alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini, nchi ambayo watawala wake walikuwa wakati huo huo wakitunga sheria za kuwatenga watu wasikae pamoja, wasile pamoja wala kucheza pamoja.

Sasa tuifuate ile jezi nyeusi, maana ilikuja kugusa hata nyumba yetu. Mwaka 1967 ziara nyingine ilivunjwa kwa sababu ya mzozo ule ule wa Wamaori. Mwaka 1970 makaburu wakatafuta ujanja. Wakasema wachezaji wa Kimaori wanaweza kuja, ila wakiwa huko watahesabiwa kuwa Wazungu wa heshima. Wakaenda Sid Going, Buff Milner na Blair Furlong, pamoja na kijana wa miaka 19 mwenye asili ya Samoa, Bryan Williams, ambaye alicheza kwa ustadi uliowafanya hata wabaguzi wasimame kumshangilia. Mchezaji mwingine, Bob Burgess, alikataa kabisa kufikiriwa kwa ziara ile kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu. Yeye alikuwa Mzungu, hakuna aliyemzuia mlangoni. Alijizuia mwenyewe.

Mwaka 1973 ilikuwa zamu ya Springboks kwenda New Zealand. Lakini mji wa Christchurch ulikuwa unajiandaa kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974, na nchi za Afrika zilikwisha kueleza kwamba hazitafika katika nchi iliyowakaribisha makaburu. Waziri Mkuu Norman Kirk akaisimamisha ziara. Alijua wapo wananchi wake ambao hawatamsamehe. Na kwa kuwa aliisimamisha, sisi tulikwenda Christchurch.

Unajua kilichotokea huko, ndugu msomaji, na kama watoto wako hawajui, waeleze leo. Februari 2, 1974, kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 20, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alisimama katika mstari wa mbio za mita 1,500. Bunduki ilipolia alitoka mbele, akaendelea kuwa mbele, na mbele akabaki, jambo ambalo wakimbiaji wa mbio hizo huliogopa kwa kuwa anayeongoza huwavunjia wenzake upepo. Mwenyeji John Walker alimfukuza mpaka mwisho asimpate. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker mwenyewe, aliyekuwa wa pili, alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Mei 17, 1975, mjini Kingston, Bayi aliivunja na rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51. Agosti mwaka huo Walker akaivunja rekodi hiyo. Dunia nzima ikawa na swali moja: wakikutana Montreal katika Olimpiki ya mwaka 1976, atashinda nani?

Swali hilo lilikatwa na raga. Mwishoni mwa mwaka 1975 New Zealand ilipata serikali mpya ya Robert Muldoon, ambaye alisema wazi kwamba serikali yake haitaizuia timu yoyote kwenda inakotaka. All Blacks wakajiandaa kwenda Afrika Kusini chini ya nahodha Andy Leslie. Juni 16, 1976, watoto wa shule wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya mabwana zao. Polisi wakawapiga risasi. Picha ya Hector Pieterson, mtoto aliyebebwa mikononi na kijana mwenzake, ikazunguka dunia. Damu ilikuwa ingali mbichi, na timu ikafika. Bryan Williams na Sid Going walikuwamo tena. Walicheza mechi 24, wakashinda 18. Katika mechi nne kubwa dhidi ya Springboks walishindwa tatu, wakashinda moja tu, ile ya Bloemfontein. Kwa miezi ipatayo mitatu walisafiri katika nchi iliyokuwa ikiwaka moto, wakilala katika hoteli nzuri, wakicheza mbele ya viwanja vilivyokatwa vipande kwa rangi. Watazamaji Waafrika, waliotengewa kona yao, walikuwa na desturi ya kuwashangilia wageni ili mradi wenyeji washindwe.

Nchi za Afrika zilitaka New Zealand isiruhusiwe kushiriki Montreal. Wakuu wa Olimpiki walijibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo haiwahusu. Basi zaidi ya nchi 20 za Afrika zilisusia michezo ile iliyofunguliwa Julai 17, 1976, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Julai 31 John Walker alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 39.2, muda ambao Bayi alikuwa amekwisha kuupita kwa mbali. Ni kweli kwamba Bayi aliugua malaria kabla ya michezo ile, na huenda asingekuwa katika nguvu zake zote. Lakini mwanamichezo huomba nafasi tu, wala haombi ahadi ya ushindi, na nafasi yenyewe haikuwapo. Alipata medali ya fedha mjini Moscow mwaka 1980, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Medali ya Montreal haikurudi.

Nilimsimulia mzee haya yote pale uani. Jina la Bayi alilifahamu. Alilisikia mwaka 1974 katika redio ya jirani. Nikamwuliza kama aliona ilikuwa sawa kijana yule kunyimwa mbio zake kwa sababu ya mchezo asioucheza, wa nchi asiyoishi.

Alichukua muda mrefu kujibu. Alipojibu hakumtaja Bayi. Alitaja ng'ombe.

Alisema kwamba mkataba wake wa kwanza ulipokwisha alirudi Makwale na fedha za kutosha ng'ombe kadhaa, ila bado wanne. Mkwe wake alikubali kumngoja. Nia yake ilikuwa arudi migodini kwa mkataba wa pili. Lakini Uhuru ukaja, Desemba 9, 1961. Machi mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika katika gazeti la Uingereza kwamba Tanganyika huru haiwezi kuingia katika Jumuiya ya Madola iwapo Afrika Kusini ya ubaguzi imo ndani yake, na katika siku zile zile Afrika Kusini ikajitoa. Baada ya Uhuru Serikali ikakomesha uandikishaji wa vijana wetu kwenda migodi ya makaburu. Wakala hakuja tena. Malori hayakuja tena.

“Sikuulizwa,” alisema mzee. “Niliambiwa tu kwamba imekwisha. Nililima mpunga miaka mitatu ndipo nikapata wale ng'ombe wanne. Miaka mitatu, mwanangu, na binti anangoja kwao.”

Nikamwuliza kama alikasirika. Akasema, “Sana.” Kisha akasema kwamba mwaka wa kwanza alikasirika kwa ajili ya fedha, na mwaka wa pili alianza kukumbuka mambo mengine: mwenzake wa chumba aliyefunikwa na mwamba, na yule msimamizi aliyemwita boi wakati yeye nyumbani kwao ni mtu wa kusalimiwa. “Mwaka wa tatu,” alisema, “sikutaka tena kwenda, hata kama lori lingesimama hapa mlangoni. Lakini miaka ile mitatu ilikuwa yangu. Hakuna aliyenirudishia.”

Bibi, yule aliyengojwa na ng'ombe wale wanne, alikuwa ameleta mbalaga, chakula cha ndizi cha Kinyakyusa, akaiweka kati yetu. Alikuwa amesikia. Akasema, “Nami ilikuwa yangu vilevile,” kisha akaenda zake kugeuza kokoa. Mzee alicheka, lakini nilimwona akimsindikiza kwa macho.

Ndugu msomaji, nimeyafikiri maneno ya wazee wale njia nzima ya kurudi. Tumezoea kusema kwamba Tanzania ilikataa, kana kwamba Tanzania ni mtu mmoja mwenye mabega mapana. Ukweli ni kwamba taifa likikataa, gharama hulipwa na mtu mwenye jina na anwani. Katika Olimpiki ililipwa na kijana mwenye kasi kuliko wote tuliopata kuwazaa. Huku Makwale ililipwa na mchumba na mchumbiwa, bila redio kutangaza. Kukataa kwetu kulikuwa haki, nami nalisema hilo bila kusitasita. Lakini haki hiyo isitufanye tusahau kuwashukuru waliotulipia.

Na je, malipo yale yalizaa kitu? Yalizaa. Juni 1977, chini ya mwaka mmoja baada ya Montreal, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana huko Gleneagles, Scotland, kuzuia michezo na Afrika Kusini. Springboks walipokwenda New Zealand mwaka 1981 walikuta nchi imegawanyika. Mjini Hamilton, Julai 25, waandamanaji waliingia uwanjani na mechi ikavunjwa. Mjini Auckland ndege ndogo iliwadondoshea wachezaji vifuko vya unga. Nahodha wa All Blacks, Graham Mourie, alikataa kucheza dhidi yao, na mwenzake Bruce Robertson akakataa vilevile. Mwaka 1985 ziara nyingine ilizuiwa na mahakama. Hesabu ile ya Burgess aliyekuwa peke yake ilikuwa imeongezeka.

Ubaguzi ulipoanguka, Afrika Kusini iliandaa Kombe la Dunia la raga mwaka 1995. Fainali ilikuwa Juni 24, katika uwanja ule ule wa Ellis Park ambao mzee wa Makwale alisikia ngurumo yake akiwa juu ya lori, na ilikuwa kati ya timu zile zile mbili. Afrika Kusini ilishinda pointi 15 kwa 12. Rais Nelson Mandela aliingia uwanjani amevaa jezi ya Springboks, ile waliyoichukia watu wake kwa miaka mingi, akamkabidhi kombe nahodha Francois Pienaar. Katika kikosi kile mweusi alikuwa mmoja tu, Chester Williams. Mwaka 2010 chama cha raga cha New Zealand kiliwaomba radhi Wamaori kwa kuwaacha nyumbani miaka ile. Na kombe lilipotwaliwa na Afrika Kusini mwaka 2019 na tena mwaka 2023, aliyelinyanyua mara zote mbili ni nahodha Mwafrika, Siya Kolisi.

Nilimwonyesha mzee picha ya Kolisi katika simu yangu. Aliishika mbali kidogo na macho yake, kama wafanyavyo wazee.

“Huyu ndiye mkubwa wao?”

“Ndiye nahodha, mzee.”

“Na Wazungu hawa walio nyuma yake wanamfuata?”

“Wanamfuata.”

Akanirudishia simu. “Basi wanakula pamoja,” akasema.

Jua lilikuwa limeshuka. Wavulana walikuwa wangali wakigombea tunda lao la kokoa, ambalo sasa lilikuwa limepasuka na kubaki nusu. Nilitazama jambo moja ambalo sikuliona mwanzo. Mmoja wao alikuwa mdogo sana, asiyeweza kukimbia kama wengine, na kila mara walipogawana upande walibishana nani amchukue. Lakini hakuna aliyesema abaki nje.

Ukifika Makwale, ndugu msomaji, kanunue mchele kama ulivyokusudia, na ukashuke Matema ukatazame ziwa jioni, wakati milima ya Livingstone inapogeuka rangi. Ila kabla ya kuondoka, tafuta uani pa mzee yeyote, umwamkie, ukae. Mwulize alikuwa wapi mwaka 1960 na mwaka 1976. Na nyumbani, watoto wako wakikuuliza Filbert Bayi alipata medali gani Montreal, usiwajibu kwa neno moja. Waketishe, kwa maana jibu lake ni refu, linaanzia katika lori la Wenela na mpira wenye umbo la tunda la kokoa.